Mkeka wa Babu Nyumbani kwa Mwalimu

"Mama, mwalimu kasema vitambaa viwe rangi ya maziwa. Makochi yake ni ya maziwa."

Mwanangu Rehema alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, begi mgongoni, jua bado la asubuhi, siku ya shule. Mimi nilikuwa kwenye kigoda namenya mihogo, mdogo wake nimembeba. Sikuelewa. Nikamwuliza kwa nini yuko nyumbani saa hizi. Akasema amerudishwa. Nikamwuliza kile kikopo chake kiko wapi. Akafungua begi, akakitoa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa kifaranga kilichokanyagwa.

Kikopo chenyewe kilikuwa kopo la maziwa ya unga. Alikuwa amelivalisha kipande cha kitenge changu cha zamani, akalizungushia kamba ya katani aliyoisuka mwenyewe, akabandika vifungo vya shati vikawa macho. Ni cha kuwekea kalamu mezani. Alikaa nacho jioni nzima vidole vimejaa gundi, kila nikisogea ananifukuza: "Mama, usiniharibie!" Kimepinda, sikatai. Jicho moja liko juu kuliko jingine. Lakini ndivyo walivyoagizwa darasa lao la tatu: kila mtoto alete pambo la nyumbani alilotengeneza kwa mikono yake. Hii ilikuwa mikono yake. Sasa kopo lilikuwa limebonyea ubavu mmoja, na jicho moja halipo.

"Nani kalibonyeza?"

"Mwalimu kalitupa dirishani. Kasema hataki takataka. Kasema mama yako si anajua kufuma? Basi akae afume vitambaa vya makochi, seti nzima, na cha meza ya katikati. Nikija navyo ndiyo nitaingia darasani." Akasita, akatazama chini. "Kasema niseme nimefuma mimi."

Kisu nilikiacha kimekwama kwenye muhogo.

Sikuwa nimeanza kuvumilia siku hiyo. Muhula uliopita kilikuwa kifutio cha miguu cha matambara, nikakishona. Kabla yake yalikuwa maua ya chupa za plastiki, tukayakata mpaka mkasi ukanitoa malengelenge. Kabla yake mito, mifagio, na kapu la kuning'iniza ukutani. Hakuna hata kimoja kilichorudi, na sikuwahi kukiona ukutani shuleni. Nilinyamaza, kama mnavyonyamaza ninyi nyote mnaosoma hapa na mna watoto, msijifanye. Lakini kumtoa mtoto darasani, halafu kumfundisha uongo, na juu ya hayo kunichagulia rangi ya uzi! Nilitoka vile vile. Kanga kiunoni, mtoto mgongoni, ndala mguu mmoja ya bluu na mwingine nyekundu. Nilikuwa nakwenda kumwambia huyo mwalimu binti maneno yake mbele ya darasa lote, wanafunzi wasikie, wenzake wasikie, na wapita njia wa Masasi yote wasikie.

Njia ya shule inapita kando ya soko. Pale kwenye kona kuna wanawake huteremka na mikeka kutoka upande wa Newala, na siku hiyo mmoja alikuwa ameloweka milala, majani ya kusukia, kwenye beseni ili amalizie ukingo. Ile harufu ikanikamata. Mnaoijua mnaijua: majani mabichi, tope la bondeni, na kitu kama uvundo kidogo, kinachopendeza. Nikasimama. Miguu ilitaka kwenda, lakini kichwani nilikuwa nimeshafika Makote, mtoto tena, nina magoti yenye vidonda, na Babu amekufa.

Nililelewa na Bibi, mama mzaa mama, huko Makote juu. Babu alikufa msimu wa mabibo, kijiji kizima kinanuka utamu uliochacha. Bibi alizoea kuniita mke mwenzangu, kama bibi wote, na Babu akiwa hai mimi na Bibi tuligombana kila siku kwa utani: nani kamwekea mume maji ya kuoga, nani kala kichwa cha kuku wa mume. Siku alipoingia kukaa ndani na eda yake, kajitanda nguo nyeupe, aliniita nikae karibu, akaniambia, "Mke mwenzangu, ndiyo tushafiwa. Usiniache peke yangu na huu ujane." Akacheka, halafu akalia. Nikalia naye, maana niliamini kweli na mimi ni mjane.

Kwenye boriti ya chumba cha nyuma ulining'inizwa mkeka mmoja, mzuri kuliko yote ya nyumba ile, wenye kingo za zambarau. Bibi aliusuka mwenyewe. Ndio aliolazwa Babu kwenye jeneza, na waliporudi makaburini waliurudisha. Kwetu mkeka uliorudi na jeneza haulaliwi. Hukaa juu mpaka arobaini, na siku hiyo huja mtani wa ukoo kuuchukua, ni haki yake kwa kazi aliyofanya msibani. Mtani wetu alikuwa Mmakua wa bondeni, Mzee Selemani, ambaye siku ya mazishi aliingia kaburini wa kwanza na kumtukana marehemu kwa kuwa mzito.

Basi msiba haujapoa, mwalimu wetu wa stadi za kazi akatangaza darasa la nne kila mmoja alete mkeka. "Mkeka wa kulala mtu mzima," alisema, "siyo wa kulaza mwanasesere." Alikuwa mgeni kwetu, ametokea mikoa ya mbali, mdada wa kupendeza mwenye sauti kali. Asiyeleta atapiga magoti nje kwenye changarawe mpaka alete. Wenzangu walikwenda kwa mama zao. Mimi nilikwenda kwa mjane mwenzangu.

"Milala iko bondeni," Bibi alisema. "Mimi nimefungwa humu. Nitaifuata kwa roho?"

Alisema kweli. Kule juu kwetu hata maji yalikuwa ya kuteremkia, sembuse milala. Ni mteremko wa kushuka umeshika mizizi na kupanda ulimi uko nje, na mtoto hakuruhusiwa kwenda peke yake. Nikajaribu mwenyewe. Nikachana magome ya mgomba, nikasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukazaa mkeka, kama nilivyomwona Bibi akifanya. Nilipata kitu cha duara, ukubwa wa sahani, kinachotaka kuwa bakuli. Nikakipeleka hivyo hivyo. Nilikuwa nakipenda.

Mwalimu alikiinua kwa vidole viwili. "Hiki kiota. Kuku wake yuko wapi?"

Darasa likacheka. Mimi nikatoka kwenda kwenye changarawe. Nilikwenda tena kesho yake, na siku iliyofuata. Wanasoma hesabu ndani, nawasikia wakiimba jedwali, na mimi naimba kimya kimya nje nisije nikaachwa.

Bibi hakuniuliza kitu mpaka alipoona natembea kama bata. Akanivuta, akaanza kunitoa vijiwe magotini kwa ukucha, kimoja kimoja, huku anapuliza. Alipomaliza alitazama juu kwenye boriti.

"Panda kigoda. Shusha huo."

"Wa Babu?"

"Umeona mwingine?"

"Bibi, si wa Mzee Selemani huu?"

"Selemani atasubiri arobaini. Wewe utasubiri magoti yaishe?"

Nilidhani ni mapenzi. Kwa akili yangu ya mtoto nilisema, tazama Bibi anavyonipenda, ananipa kitu cha mwisho alichobaki nacho cha mumewe ili mimi nisome. Nikaubeba kichwani shingo imenyooka, nikapita katikati ya mikorosho naimba. Shuleni mwalimu aliukunjua, akaupitishia kiganja. "Haya sasa! Mmeona mikono ya kwao huyu?" Hakuniuliza nani kausuka, na mimi sikusema. Mikeka ya wengine iliwekwa stoo. Wa Babu aliukunja akaenda nao kwapani mchana ule ule.

Furaha yangu ilikufa kisimani. Nilikuwa nimefuatana na wanawake, na mmoja akawa anasimulia habari za kwao, mtu aliyelalia mkeka wa maiti kabla ya arobaini. "Aliitwa," alisema, akatema mate. "Hakumaliza mwezi. Mwenye mkeka kamfuata." Wengine wakaitikia, ee, huitwa huyo. Ndoo yangu ilijaa ikamwagika, na sikuona.

Kuanzia hapo sikumtazama tena mwalimu kama mwalimu. Nilimtazama kama mtu anayeitwa. Na yeye, jamani, alianza kuitwa mbele ya macho yangu. Kwanza alianza kutema mate, kila mara, kwenye kopo alilolificha chini ya meza. Halafu akakonda uso. Halafu siku moja katikati ya imla alikimbilia nje, tukamsikia anatapika nyuma ya darasa, akarudi macho mekundu akasema, "Endeleeni." Nilipotazama daftari langu, nimeandika mstari mmoja mara mbili.

Kilichonimaliza ni udongo. Alikuwa na kifurushi cha gazeti kwenye mkoba. Nilimwona mapumziko, amekaa peke yake chini ya dirisha, anamega kipande cha udongo, anakitia mdomoni, anatafuna, amefumba macho. Babu yuko udongoni, mwalimu anakula udongo. Mnielewe, sikuwa nawaza kwa mfano. Niliona kwa macho yangu kwamba Babu anamlisha kidogo kidogo ili amzoeze.

Zamu ya kupeleka maji nyumbani kwa mwalimu ilipofika kwangu, nilimkuta amelala sebuleni, sakafuni, juu ya mkeka wenye kingo za zambarau. Alisema sakafu ina ubaridi, unamtuliza. Nikatua ndoo. Nikashindwa kuondoka.

"Nini?"

"Mwalimu, usilalie huo mkeka."

"Kwa nini?"

Nitasema nini? Niseme ni wa Babu, nirudi kwenye changarawe na Bibi aitwe mwongo? Au nisiseme, afe?

"Una kunguni," nikasema.

Alininyanyua kwa sikio. Alinichapa akiwa amekaa pale pale juu ya mkeka, anahema, na mimi hata sikulia kwa fimbo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejaribu kumwokoa na hakutaka.

Arobaini ikafika. Wanaume nje kwenye majamvi, wanawake ndani na Bibi, ubwabwa unanukia mpaka barabarani. Walimu wakaja, maana ni msiba wa mwanafunzi, na yeye akiwemo, na pakiti ya sukari mkononi. Akampa Bibi pole, shikamoo yake nzuri kabisa, akakaa karibu na mlango. Alikuwa amefifia. Nilikaa nyuma ya Bibi nimeshika nguo yake.

Mzee Selemani alisikika kabla ya kuonekana. "Yuko wapi yule mshenzi aliyeondoka bila kuniaga!" Watu wakaanza kucheka kabla hajafika. Akasimama mlangoni, kofia kageuza. "Mjane! Nimefuata mkeka wangu. Nalala chini, siafu wananiuliza kabila."

"Mkeka haupo," Bibi akasema.

"Umeula?"

"Umekwenda shule."

"Shule! Marehemu yuko darasa la ngapi?"

Wanawake walianguka kwa kicheko, wengine wanajipangusa machozi kwa ncha za kanga. Bibi peke yake hakucheka.

"La nne," alisema. "Mwalimu wake huyu hapa."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua kidogo kidogo, mmoja mmoja akielewa. Mwalimu akamgeukia jirani yake. "Mkeka gani?" Jirani akamwinamia sikioni, lakini chumba kilikuwa kimya, kila mtu alisikia: ule aliolazwa kwenye jeneza. Mzee Selemani naye, kwa vile mtani hakasirikiwi, akapiga makofi. "Kumbe umelala na marehemu, shemeji! Anakoroma bado?"

Mwalimu hakumtazama yeye. Hakumtazama Bibi. Alinitazama mimi, kwa muda, kama mtu anayekariri. Halafu akanyanyuka mkono tumboni, akatoka, akatapika kwenye mihogo.

"Mpeni limau," mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu. "Mimba changa hiyo, ubwabwa umemshinda. Si mnamwona na udongo wake?"

Kwa hiyo alikuwa mtoto! Hakuwa Babu. Kwa furaha nilitaka kukimbia nimwambie, mwalimu, hufi. Nikakumbuka yale macho, nikabaki nilipo.

Asubuhi mkeka ulikuwa kwenye baraza letu, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba. Na shuleni stoo ilifunguliwa, kila mtoto akaambiwa achukue mkeka wa kwao. Kijiji kilimsifu Bibi mpaka akachoka kusifiwa. Nilipomwuliza kama alijua atakachofanya, alinijibu, "Aliomba mkeka. Nilikuwa nao mmoja." Akaendelea kuchambua kunde.

Bibi alishinda. Sasa niwaambie nani alilipa. Mwalimu yule hakunichapa tena hata mara moja. Hakuniita jina tena. Nilinyoosha mkono, macho yake yalipita juu yangu kama upepo. Daftari langu lilikwenda mezani na kurudi bila tiki, bila kosa, kama halikwenda. Wenzangu wakaona, watoto huona haraka, wakaanza kusogea kando kidogo, kisha kunikalia mbali. Nikahamia nyuma. Nikapazoea nyuma. Mwalimu akaja kwenda likizo ya uzazi, hakurudi, wakaja wengine wazuri tu, lakini mimi nilikuwa nimeshajifunza kukaa na jibu mdomoni mpaka litolewe na mwingine. Nilifika sekondari hivyo. Nilimaliza kidato cha nne hivyo, mkono wangu uko chini. Sijui ningekuwa nani kama ningeendelea kuunyoosha. Nampenda Bibi, Mungu amrehemu, lakini vita vilikuwa vyake na mwalimu, na ngao aliyoibeba ilikuwa mimi.

Hayo yote yalinipata nimesimama kwenye kona ya soko, mwanamke wa milala ananiuliza, "Mama nani, unanunua au unazuia upepo?" Nikajiona. Njiani kote nilikuwa natunga matusi, na nilishafikiria hata upupu: nifume seti nzuri ya maziwa, niitie upupu, nimpelekee na tabasamu. Ningeshinda. Mtaa mzima ungenisimulia. Na kesho yake Rehema angenyoosha mkono.

Nikageuka. Nikarudi, nikavaa viatu vinavyofanana, nikakaa mezani nikaandika kwa kalamu ya bluu. Jioni nikampelekea mwenyekiti wa kamati ya shule barazani kwake. Alisoma polepole, akavua miwani.

"Mama Rehema, mambo haya si ya kuandikiana."

"Shikamoo Mzee, nimeshaandika."

"Marahaba. Ungemfuata mwalimu mkayamaliza kimya kimya. Binti wa watu ndiyo kwanza anaanza maisha."

"Na mimi ndiyo naanza, Mzee. Wa kwangu hata hajaanza. Naomba usaini kwamba umeipokea."

Alinitazama. Akamtazama mtoto mgongoni, kama yeye ndiye angemsaidia. Kisha akasaini. Nakala niliipeleka kwa Afisa Elimu Kata asubuhi iliyofuata. Hii hapa, sijapunguza kitu.

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI ZA MIKONO ZA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu. Nalalamika kwamba mwanangu amezuiwa kuingia darasani kwa sababu hakuleta vitambaa vya makochi vya mwalimu, na kwamba ameelekezwa kusema uongo kuwa kazi ya mzazi ni kazi yake. Nalalamika pia kwamba kazi zilizopelekwa kabla ya hii hazikurudishwa na hatujui zilipo.

Naomba mwanangu arudi darasani kesho. Naomba kazi za wanafunzi zifanywe na wanafunzi, shuleni, zipewe alama jinsi zilivyo, hata zikiwa zimepinda, kisha zirudi kwa waliozitengeneza. Sitafuma kitu chochote kwa ajili ya somo hili.

Mwanangu hakuniomba kuandika barua hii na hajui kilichomo. Naomba aendelee kuitwa jina lake darasani na daftari lake lisahihishwe kama la wenzake. Kama kuna mtu wa kununiwa kwa sababu ya malalamiko haya, ninuniwe mimi niliyetia sahihi."